Vitabu vya Masatu, Safi na Fifi

Kwanza nilisikia bati. Lilikuwa likigonga huko barabarani kabla pikipiki haijakata kona ya kuingia kwetu Mwisenge, kifuniko kikiruka na kurudi kila tairi lilipopanda jiwe, na mimi nikasimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza. Macho yangu hayakuwa yameliona sanduku hilo kwa miaka mingi, lakini masikio hayakuhitaji kuulizwa. Hodi ikaja, nikafungua mlango, likawa ndilo: la bluu, kutu pembezoni, limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira ya tairi.

"Dada, hii mzigo ni zito," alisema kijana wa bodaboda. "Wamekuwekea mawe?"

"Vitabu."

Akalitazama upya. "Sasa hizi zote mtu anasomaga saa ngapi?"

Nikamlipa nauli yake. Vitabu vile havikuwa vimesomwa na mtu yeyote.

Bibi yetu wa Butiama alikuwa amezikwa, matanga yameanuliwa, na vitu vyake vimegawanywa kwa utaratibu unaojulikana: jembe kwa huyu, blanketi kwa yule, chungu cha kupikia kwa binti mkubwa, ambaye ni mama yangu. Sanduku halikupata mtu. Lilitolewa uani, likarudishwa ndani, likatolewa tena, mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba yuko mjukuu Musoma anayeandika hadithi. Wakaona mambo yanafanana, wakalipakia.

Nilimpigia simu mama mdogo Wegesa, kwa sababu kama sanduku hilo lilikuwa na mwenyewe duniani, ni yeye. Alipokea upepo ukivuma kwenye simu na wanawake wakibishana nyuma yake.

"Mama mdogo, sanduku limefika."

"Limefika? Haya."

"Nilifanyeje?"

"Chambua. Wewe si ndiyo mtu wa vitabu. Vya kugawa gawa, vya kuweka weka."

"Hutaki hata kuviona?"

"Nilishaviona. Nilikuwaga navifuta vumbi kila Jumamosi, au umesahau? Nina dagaa juani huku na mawingu yanakuja. Chambua, mwanangu."

Nilipoinua kifuniko, harufu ilikuja kwa zamu. Kwanza pamba, ile harufu kavu ya mbegu na vumbi la ghala. Kisha mafuta ya taa. Kisha, chini kabisa, kwa mbali, dagaa. Halafu majalada yakajitokeza, riwaya za upelelezi tupu, zimepangwa migongo juu kama matofali: mwanamume wa kofia anayetazama saa chini ya taa ya barabarani, mkono wenye glavu kwenye kitasa, mwanamke wa gauni jekundu akikimbia kuelekea gari ambalo mlango wake umeachwa wazi. Nilichukua kimoja nikakipitisha kidole gumba pembeni. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pale kisu cha kiwandani kilipozikata. Kikagoma kidogo, kama mtoto anayekataa kufumbua ngumi. Nikakiacha.

Nikaketi sakafuni na kuanza kuvichambua kwa njia pekee niliyowahi kufundishwa ya kuchambua kitu chochote. Aliyekulia kwenye pamba anaijua. Kabla ya kupeleka mzigo kwa mnunuzi, nyumba nzima inaketi kuuzunguka na kuutenga: huku safi, nyeupe, isiyo na doa, huku fifi, iliyonyeshewa, iliyochafuliwa na wadudu, iliyoshikwashikwa. Mkono unakwenda haraka, jicho linakwenda mbele ya mkono. Bibi alikuwa akisema fifi moja ikijificha ndani ya safi, gunia zima linaitwa fifi. Nilikuwa na eneo la kushoto na eneo la kulia, kama zamani, na kadiri sanduku lilivyopungua nikagundua kwamba ninaweka upande mmoja tu.

Msimu mmoja wa utoto wangu nilitolewa kwetu Bunda nikapelekwa kukaa kwa Bibi. Mama alikuwa na kibarua kiwandani, kule pamba inakotenganishwa na mbegu zake, na alikuwa na mtoto mchanga pia. Mtoto mwingine, yaani mimi, niliyeanza kung'oka meno ya mbele na mwenye maswali mengi, nilikuwa mzigo unaoweza kuhamishika. Butiama nilikuta nyumba ya watu watatu. Alikuwepo Bibi. Alikuwepo mama mdogo Wegesa, kitinda mimba wake, aliyemaliza sekondari na kurudi shambani kwa sababu hakuna kingine kilichokuwa kimejitokeza. Na alikuwepo mjomba Wambura, kaka yake Wegesa, mrefu, mchekeshaji, aliyekuwa akingoja kuoa.

Kungoja kwake alinieleza mwenyewe, tukiwa kwenye pamba, kama mtu anayeeleza hesabu ya kawaida.

"Mjomba," aliniita hivyo, kama wajomba wanavyowaita wapwa wao, "mke wangu mtarajiwa ana mwanya hapa." Akagusa meno yake. "Akicheka unaona mpaka Bunda."

"Sasa mbona humleti?"

"Nimlete bila ng'ombe? Nimbebe mgongoni kama gunia?" Akamwelekeza Wegesa kwa kidevu. "Huyu atoke, ng'ombe zake ziingie. Ng'ombe ziingie, zitoke, mke wangu aingie. Wote tuko kwenye foleni."

"Foleni ni yako, kaka," Wegesa alimjibu bila kuinua macho. "Mimi sijapanga."

"Usipopanga wewe, mimi nasimama nyuma ya nani?"

Wote wawili wakacheka. Kwetu ndivyo ilivyo, ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka, na watoto wa nyumba moja wanaweza kulitania jambo hilo mchana kutwa bila mtu kukasirika, kama wanavyotania kifo.

Masatu alikuja na baiskeli. Alikuwa muuza dagaa kutoka Mugango, akipanda mpaka Butiama siku za gulio na magunia mawili yanayonuka ziwa, kijana mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wateja walikuwa wakimwambia arudie bei. Dagaa aliwapima kwa kopo na kuwafunga kwa karatasi yoyote aliyoipata, gazeti, daftari la mtoto, na msimu ule, riwaya moja isiyo na jalada aliyoinyofoa ukurasa baada ya ukurasa.

Wegesa alikuwa akisoma karatasi za kufungia. Alizinyoosha kwenye goti huku dagaa wakilowa, akasoma mpaka maneno yaliyolowa mafuta. Jioni moja ukurasa ulimwishia pabaya. Gulio lililofuata nilikuwa nimemshika kanga aliposimama mbele ya Masatu bila kutoa hela.

"Ile karatasi ya juzi. Inayofuata iko wapi?"

"Karatasi gani, dada?"

"Ya yule kachero aliyesimama mlangoni. Aliingia au hakuingia?"

Masatu alifikiri kwa makini. "Huyo nadhani aliondoka na dagaa wa mke wa mchungaji."

Nilitumwa kwa mke wa mchungaji. Nikarudi na jibu kwamba kachero alishawashiwa moto. Wegesa alilipokea kama habari ya msiba wa mbali, akaendelea kusugua sufuria, na nafikiri Masatu naye alipata taarifa, kwa sababu tangu hapo kila tulipokwenda kununua tulifungiwa ukurasa unaofuata, kisha unaofuata, kwa mpangilio, kurasa alizozitenga mahali chini ya gunia kwa ajili yetu. Tulikula dagaa wiki baada ya wiki.

"Tumekuwa paka?" Bibi aliuliza siku moja, akikitazama chungu.

"Paka wa sekondari," alisema mjomba Wambura. "Wanakula na kusoma."

Hadithi ile ilipoisha, Masatu aliegemeza baiskeli yake uani kwa Bibi, akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta kwenye suruali, na kumpa Wegesa kwa mikono miwili kitabu kizima. Kipya, kutoka Musoma, chenye jalada. Wegesa alipiga goti akakipokea. Na tangu siku hiyo akaacha kusoma.

Gulio baada ya gulio Masatu alileta kingine, na kingine, na Wegesa alipiga goti, akapokea, akaingiza ndani ya sanduku la bluu alilokuwa amekwenda nalo shule. Hakufungua hata kimoja. Alivitoa Jumamosi, akavifuta vumbi kwa kitambaa laini, akavipanga upya. Majalada ya nyuma aliyasoma, kwa sababu jalada liko nje, na kutazama nje si kufungua. Aliyajua yote kwa moyo. Kuna usiku alinihadithia mianzo ya hadithi hizo bila miisho, na nilipomuuliza kilichofuata alinifunika.

Mimi nilikuwa nimezitazama zile picha, zile bastola, zile pingu, yule mwanamke wa gauni jekundu, na nilikuwa na mashaka yangu. Nikamuuliza kwa nini hafungui.

"Bado si vyangu," alisema.

Kwa mtoto hilo lilitosha. Kama si vyake na vimo chini ya kitanda chake, basi ni vya wizi. Masatu alikuwa mwizi wa vitabu. Ndiyo maana aliongea kwa sauti ya chini na kuja siku zenye watu wengi, ndiyo maana vitabu vyake vilijaa polisi. Mama mdogo alikuwa akimfichia. Nilimwonea huruma, nikaanza kuitazama njia ya kutoka barabarani kwa niaba yake, na gari lolote lililopunguza mwendo lilinifanya niende kuketi juu ya lile sanduku.

Ukweli ulikuwa wazi kwa kila mtu mwingine nyumbani, na ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Nyumbani kwa Bibi kitu cha mchumba hakitumiki kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Kanga inakaa kwenye mikunjo yake. Kiatu hakikanyagi. Binti akikitumia amekwisha kujibu, na binti mwenye heshima hajibu kabla wakubwa hawajaulizwa. Chakula hakihesabiwi, kwa kuwa huoza. Kurasa za dagaa zilinunuliwa, kwa hiyo zilisomwa. Kitabu kilitolewa. Kwa hiyo kila kitabu kilichobaki kimefungwa kilimaanisha kwamba Wegesa anamngoja Masatu, kwa adabu yote aliyofunzwa, awatume watu wake na ng'ombe.

Lakini Masatu alikuwa wa ziwani. Kila mara aliuliza.

"Kile cha wiki iliyopita umekionaje?"

"Bado sijakifungua."

"Na kile cha kwanza? Cha yule mhasibu aliyepotea?"

"Na chenyewe bado." Akiangalia chini, akitabasamu kidogo, kama binti anavyopaswa.

Masatu alikitikisa kichwa polepole na kugeuza mada kwenye bei ya dagaa. Niliona mabega yake yakishuka, nikafikiri anaogopa kushikwa. Wegesa hakuweza kumweleza. Kumweleza kungekuwa kumwambia mtu lete ng'ombe, na hakuna binti wa kwetu anayeyatamka hayo kwa mdomo wake. Nimejiuliza ukubwani kama angeweza kunituma mimi, nilivyotumwa kwa mke wa mchungaji. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba kuna cha kueleza. Mtu haelezi maana ya kupiga goti.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa ilipokuja habari ya mtu wa Kiabakari. Alikuwa mgane, ana duka kando ya barabara, ana zizi, na kila aliyemtaja alimtaja vizuri. Aliwatuma wazee kwa Bibi, wakanywa chai, wakasema ng'ombe wapo tayari, hawana haja ya kungoja mvua. Mjomba Wambura aliimba jioni ile akikama. Hakuimba kwa ubaya. Wegesa hakusema ndiyo wala hapana. Alichota maji mengi kuliko yaliyohitajika, akarudi mtoni akachota mengine.

Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia akimwambia Bibi, "Kuna vitu vya mtu humu ndani, mama."

"Navijua. Umevigusa?"

"Hapana."

"Basi hujamjibu. Tutamwita avichukue kwa macho yake, kabla ng'ombe za watu hazijaswagwa. Sitaki kesho mtu asimame barabarani aseme binti wa nyumba hii alikula vitu vyake."

Taa ya upande wa pili ikazimwa. Mimi nililala nikijua kwamba mwizi ameitiwa kesi.

Masatu alikuja siku ambayo si ya gulio, bila magunia, amevaa shati la kola. Bibi hakutaka mambo ya binti yake yachambuliwe uani, mbele ya wapita njia, kwa hiyo tuliketi chumba cha mbele, turubai la pamba limetandikwa sakafuni na sanduku la bluu katikati yake. Bibi alikaa chini, miguu imenyooka. Mjomba Wambura alikaa kwenye kiti, kama mwanamume wa nyumba. Masatu alipewa kigoda. Wegesa alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake chini ya upindo. Mimi nilijibanza karibu na magunia kusubiri pingu.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Masatu, "ulituheshimu, na sisi tunakuheshimu. Vitu vyako hivi hapa. Tunavitazama pamoja, kimoja kimoja, usije ukasema tumekurudishia makapi."

Masatu aliangalia sanduku, kisha pazia. "Kwani mmepata mtu mwingine, mama?"

"Wamekuja watu."

Alikubali kwa kichwa. Bibi akaanza. Alikichukua kitabu, akakipitisha kidole gumba pembeni, akauvuta kidogo mgongo, akakipeleka puani, akakiweka kulia kwake.

"Safi."

Akachukua kingine. "Safi." Mjomba Wambura alivipokea na kuvipanga. Sauti ya Bibi ilikuwa ya mtu anayefurahia mavuno. "Safi. Hiki nacho safi. Tazama, hata vumbi hakina. Safi." Alikuwa akimsifu binti yake mbele ya mgeni kwa maneno makubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, na kila neno nililiona likimpiga Masatu usoni. Mkononi alikuwa na kofia yake. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja. Nilishangaa. Mwizi gani anahuzunika kwamba mali haikuharibiwa?

Sanduku liliisha. Upande wa kushoto wa turubai haukuwa na kitu.

"Hata kimoja?" aliuliza Masatu.

"Hata kimoja, baba," alisema Bibi, kifua mbele. "Binti yangu hana mkono mchafu."

"Kwetu," Masatu alisema, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake bila kutega sikio, "ukimpelekea mtu samaki, asubuhi ukamkuta samaki yuko jikoni vile vile ulivyomwacha, unajua nyumba hiyo haikutaki. Hakuna haja ya kuambiwa." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nangoja asome hata kimoja. Asome kimoja tu, aniambie kibaya, kizuri, ndipo nimtume baba. Nikasema labda sijaleta kinachomfaa. Nikaleta kingine."

 Bibi alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali ambapo hapajui. Mjomba Wambura ndiye aliyeelewa kwanza; niliona mkono wake, uliokuwa juu ya vitabu, ukitulia.

"Mwanangu," Bibi alianza, "huku kwetu..."

"Nimeelewa, mama. Si neno. Mna kamba ya kufungia?"

Akaanza kusimama. Pazia likavutwa.

Wegesa alitoka bila kiatu, akapita mbele ya kaka yake bila kuomba radhi, akainama kwenye rundo la safi na kuchukua kitabu cha juu. Aliketi kwenye gunia la pamba, karibu yangu kiasi kwamba goti lake lilinigusa. Kitabu akakifungua. Mgongo wake ulilia, gundi ikipasuka, sauti ndogo tu, na Bibi akashtuka kana kwamba kitu kimevunjika kabatini.

"Wegesa. Weka chini."

"Nasoma, mama."

"Weka chini hicho kitabu."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa. Macho yake hayakuwa yakienda kwenye mistari. Yalisimama sehemu moja, mimi nilikuwa karibu, nikaona. Lakini alifungua ukurasa mwingine, na mwingine, akizibana kurasa zilizoshikana kwa kucha na kuziachanisha, mpaka pasibaki mtu wa kusema kwamba kitabu kile hakikuguswa. Nilifikiri anatafuta ushahidi. Nilifikiri atatuambia sasa hivi nani aliiba.

"Samaki wake mlikula nyinyi wote," alisema bila kuinua uso. "Mimi naomba hiki kimoja."

Masatu alikuwa amesimama nusu, mikono kwenye magoti, na hakuweza kukaa wala kunyooka.

 Bibi akajongea juu ya turubai, akamtoa kitabu mkononi kwa upole, kama anavyomtoa mtoto kitu chenye ncha, akatazama kurasa zilizokunjuka, alama ya kidole chenye jasho. Akakiweka kushoto kwake, peke yake.

"Fifi," alisema.

Yaliyofuata nayajua zaidi kwa kusikia. Baba yake Masatu alikuja, akaleta ng'ombe aliowapata, na watu wa ziwani si watu wa mazizi. Wengine waliahidiwa, wakaja mmoja mmoja, kwa kuchelewa, na wa mwisho hakuja kabisa. Wegesa alikwenda Mugango na kitabu kimoja, kile kilichofunguliwa. Vingine Bibi alivifungia. Alisema vitafunguliwa siku ng'ombe wa mwisho atakapoingia zizini, na hakuwa mtu wa kubadili neno. Aliviweka chini ya kitanda chake, akavianika juani pamoja na mablanketi kila baada ya mvua, akawalaza watoto wa Wegesa waliokuja likizo kwenye chumba hicho hicho, na hakuna aliyethubutu. Nilipomuuliza Wegesa, ukubwani, kama hakuwahi kumwomba, alisema Masatu alimsomea vingine alivyovinunua kwa ajili ya nyumba yao, na kwamba vile vya sandukuni kwa Bibi bado si vyake. Alisema hivyo bila uchungu wowote niliouona. Mjomba Wambura aliishia kuoa Bunda, miaka baadaye, mwanamke mwema asiye na mwanya.

Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Siku ile Bibi alikaa akitazama kitabu kilichokuwa kushoto, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wambura. Kawaambie watu wa Kiabakari wasiswage ng'ombe."

 Mjomba alikuwa bado na kitabu mkononi, kimoja cha vile safi. Akakirudisha juu ya rundo, akalisawazisha kwa viganja pande zote mbili.

"Niende sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ukichelewa watakuwa njiani."

"Niwaambie nini?"

"Waambie binti alikuwa amekwisha kujibu. Sisi ndio hatukusikia."

Alisimama. Alikwenda kuchukua koti lake kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali, akiviangalia. Masatu alisogea kumpisha. Mjomba alimgusa bega akapita. Kisha akasimama mbele ya dada yake, ambaye alikuwa bado kwenye gunia, mikono mitupu juu ya mapaja.

"Kinahusu nini?" alimuuliza.

Wegesa akakitazama kitabu pale kilipowekwa. "Sijui bado, kaka. Kuna mtu amepotea."

"Ukifika mwisho utaniambia kama alipatikana."

"Nitakuambia."

"Haya." Aliniona pale kwenye magunia, akanifinya sikio, akanyoosha kola. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukashika, taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa aliyepata usingizi.